Nakwenda kuishi ukweni kijijini Ufaransa, nyumba ina mbwa wanne, naombeni ushauri

Mpishi wa Bwejuu

Asalam aleikum ndugu zangu. Nna jambo linanikosesha usingizi na nyumbani siwezi kulisema lote kwa sababu mama keshaanza kulia, kwa hivyo nimeona niliweke hapa mbele ya watu walioona mambo.

Mie kijana wa Bwejuu, mpishi wa hoteli. Nimeoa mwaka jana, mke wangu Mfaransa, alisilimu kabla hatujajuana, ndoa tumefunga msikiti wa kwetu hapa hapa na watu wamekula biriani. Sasa makaratasi yanakaribia kukamilika na mwezi wa tatu insha Allah nakwenda kwao. Sio Paris wala mji wowote mnaousikia. Ni kijiji cha milimani huko Ariège, kusini kabisa, ukipanda mlima ukashuka upande wa pili ushaingia Hispania. Nyumba za mawe, kanisa, duka la mkate, basi. Baba mkwe anafuga kondoo, na mwaka wa mwanzo tutakaa kwao mpaka tupate pahala petu.

Kinachonisumbua ni mbwa. Wako wanne. Wawili weupe wakubwa mke wangu anawaita patou, mie nikiwaona kwenye video naona ndama, hao wanalala na kondoo. Wa tatu mweusi na mweupe, wa kuchungia. Wa nne ni wa mama mkwe, mdogo, analala kwenye kochi, na video ya juzi nimemuona anaramba kijiko mkononi mwa mama mkwe na kijiko kikarudi mezani. Mama yangu kaiona ile video, ndipo alipoanza kulia, anasema mwanangu utasali vipi nyumba ile.

Na mie mwenyewe naogopa, sifichi. Nilipokuwa na miaka 9 tulikwenda kuokota zambarau shamba, mbwa akatutokea, wenzangu wakakimbia na mie nikakimbia, nikashikwa mie. Kovu liko pajani mpaka leo na sindano nilizopigwa nazikumbuka moja moja. Usiku nikitoka kazini nikisikia mbwa koko wanabweka pwani basi nazunguka njia ya juu, dakika kumi zaidi, kila siku.

Sasa nitaishije? Nitasalije? Na kubwa kuliko yote, mkwe mnamjua ni nani, mkwe haambiwi ovyo, naingiaje nyumba ya watu siku ya kwanza nianze kusema mbwa wenu huyu atoke? Mwenye ujuzi anisaidie, wallahi nimo kwenye mawazo.

Pwani Mchangani

Kaka jambo hili liko wazi. Nyumba yenye mbwa ndani malaika wa rehema hawaingii, hadithi sote tumesomeshwa chuoni. Mke kama kweli kasilimu mwambie mpange nyumba mbali na wazee wake, hata chumba kimoja. Ukianza kulegeza siku ya kwanza utalegeza na yaliyobaki. Nakwambia kwa kukutakia kheri.

Binti Mkoani

Waaleikum salaam mdogo wangu. Mie Mpemba wa Mkoani, mwaka wa tisa huu niko Ufaransa kijijini, huko Creuse, katikati ya nchi, ng'ombe wengi na watu wachache na hao watu wenyewe wengi wazee. Kazi yangu kuwahudumia wazee majumbani kwao, nawakosha, nawapikia, nawapa dawa zao, kwa siku naingia nyumba tano sita na zisizo na mbwa ni za kuhesabu. Kwa hivyo umeuliza pahala pake.

Nikuhadithie wiki yangu ya kwanza. Nilisimama nje ya geti la bibi mmoja robo saa nzima mvua inaninyea, getini kuna kibao cha kujihadhari na mbwa na mbwa mwenyewe yuko nyuma ya kibao anabweka mate yanamtoka, na bibi ana miaka 88 hawezi kutoka kumshika. Nikawa nalia kwa kweli. Akapita mleta barua na gari yake ya njano, akateremka, akanifunza pale pale: usimtazame machoni, mpe ubavu usimkabili kifua kwa kifua, mikono iache chini, sema bonjour kwa sauti ile ile ya kumsalimia bibi, halafu fungua geti taratibu uingie kama mwenyeji. Nikafanya hivyo magoti yanagongana. Yule mbwa akaninusa viatu, kimoja, cha pili, akageuka akatangulia mbele yangu mpaka mlangoni. Miaka sita niliingia nyumba ile mpaka bibi alipofariki, na kila asubuhi alikuwa ananitangulia vile vile.

Jambo ambalo sikulijua mwanzo na lilinichelewesha sana ni kuwa kijijini huku mbwa ni mtu wa nyumba na watu wanajuana kwa mbwa. Asubuhi saa mbili watu wanakwenda kununua mkate na mbwa wao, pale dukani kwetu ukutani pana pete ya chuma ya kufungia kamba, mbwa anakaa nje anangoja. Mtu akikusalimia anamsalimia na mbwa wako, na wewe ukimpita mbwa kama jiwe wanaona una kibri, kama kwetu mtu aingie nyumbani asiulize mtoto hajambo. Mie mwaka mzima wa kwanza watu walikuwa wananipita kwa bonjour kavu. Siku moja mzee mmoja kateleza barafu mbele ya duka, kamba ikamtoka, mbwa wake anaelekea barabara kuu, nikaikanyaga ile kamba kwa kiatu, sikumgusa mbwa, nimeikanyaga kamba tu mpaka mzee akainuka. Kuanzia siku hiyo kijiji kizima wananijua kwa jina.

Na uyajue majina yao mbwa, yatakusaidia kuzungumza na wakwe. Huku mbwa wa ukoo wenye makaratasi kila mwaka una herufi yake, waliozaliwa 2020 jina linaanza na R, 2021 S, 2022 T, 2023 U, 2024 V, na 2025 wakaanza tena A. Wengi hata mbwa asiye na makaratasi wanafuata. Kwa hivyo ukiambiwa jina ushajua umri. Jirani yangu mbwa wake wa 2021 kamwita Simba, siku nilipomwambia simba ni neno la kwetu na maana yake ndiyo ile ile, alinikalisha saa nzima nimsomeshe maneno mengine.

Sasa hao patou, hapo nisikilize vizuri kwa sababu hao si wa mchezo. Mbwa yule anazaliwa bandani katikati ya kondoo, anakulia nao, anajiona ni wa kundi. Kazi yake si kuchunga, kazi yake kulinda. Huko Ariège kuna dubu, walileta dubu kutoka Slovenia mwaka 1996 wakazaliana, na mbwa mwitu walirudi Ufaransa 1992 kwa upande wa Alps, kwa hivyo wafugaji hawaweki patou kwa pambo. Akikuona unakuja kwenye kondoo atakuja mbio anabweka, hakuja kukuuma, kaja kukuuliza wewe nani. Simama. Usikimbie hata kwa dawa, usinyanyue fimbo, usirushe jiwe, sema naye kwa sauti ya chini, akimaliza kukunusa zunguka kundi kwa mbali usilipasue katikati. Kama uko na baskeli teremka uisukume. Njia za milimani utaona vibao vinaeleza hayo hayo kwa wapita njia. Na usimpe chakula wala usimchezee, baba mkwe hatofurahi, patou anatakiwa apende kondoo zaidi kuliko watu. Wewe ulikimbia ukiwa na miaka 9 ndio maana ukashikwa wewe, sikulaumu, mtoto atafanya nini, lakini huko ukienda ukasimama utaona tofauti.

Jengine, kuanzia Septemba mpaka mwisho wa Februari ni msimu wa kuwinda, Jumapili utasikia kengele za mbwa na pembe msituni na utawaona wanaume na vizibao vya rangi ya chungwa wanafukuza nguruwe mwitu. Siku hizo usiende kutembea msituni ovyo, na ukienda vaa rangi kali. Mbwa wao wakati mwengine wanapotea. Mwaka juzi usiku wa baridi nimemkuta mmoja kwenye banda langu la kuni, mwembamba, sikio limechanika, anatetemeka, shingoni ana kola ina namba ya simu. Nikapiga. Saa nne usiku mwenyewe kaja na gari, mtu mzima, kapiga magoti kwenye matope kamkumbatia yule mbwa analia. Kesho yake kaniletea kikapu cha matufaha.

Sheria zao pia uzijue, mbwa lazima awe na kichipu au alama ya wino mwilini yenye namba yake, na mbwa akiwa mbali na mwenyewe zaidi ya mita 100 bila usimamizi anahesabiwa anazurura, isipokuwa wa kuwinda na wa kulinda kondoo. Na kuanzia tarehe 15 Aprili mpaka 30 Juni ukimpitisha mbwa msituni nje ya njia zilizofunguliwa lazima awe na kamba, ndege na wanyama wa msitu wanazaa. Wewe unakwenda mwezi wa tatu, wakati huo huo viwavi wa misonobari wanateremka chini kwa msururu kama siafu, mbwa akinusa au kuramba ulimi unavimba mpaka unaweza kuoza. Ukiwaona piga kelele uwaite wenyeji, na wewe usiwaguse.

Ndugu yangu Pwani Mchangani, nimekuelewa na nakuheshimu. Lakini huyu anaingia kwenye nyumba ya wazee wa mkewe, na wazee wale wamemkubali kijana wa kigeni wa dini ya kigeni alale kwao bure mwaka mzima. Na hilo nalo ni jambo.

Kuhusu sala, mie nyumbani kwangu sina mbwa. Kazini nna koti la kazi, nikitoka nalivua linabaki kwenye gari, nguo za sala hazijapata kuingia nyumba ya mteja. Na niliwaambia wazee wangu waziwazi, nikasema dini yangu hainifunzi kumchukia mbwa, lakini mate yake yakinigusa nna kazi ya kukosha kabla sijasali. Hapana hata mmoja aliyenuna. Yuko babu mmoja, ana miaka 91, saa saba mchana mwenyewe anainuka na mkongojo wake anamwita mbwa anamfungia jikoni, halafu ananambia saa yako ya sala imefika. Anaitazama saa ya ukutani kunishinda mie.

Mwalimu wa Chuo, Dole

Mwanangu wa Bwejuu, dada yetu wa Mkoani kasema yenye faida, Mungu amzidishie. Mie niongeze kwa upande wangu kidogo.

Sisi Zanzibar kwa wingi wetu ni Mashafi, na kwa madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito, pahala palipoguswa na mate yake au mwili wake ukiwa na maji panakoshwa mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo. Hilo liko na hatuliondoi. Lakini watu wanasahau nusu ya pili ya somo, kikavu kikigusa kikavu hakuna kilichonajisika. Mbwa mkavu akikupita akakugusa suruali kavu, suruali yako ni safi. Nusu ya hofu ya mama yako iko hapo, mwambie.

La pili, huko Ufaransa Waislamu utakaokutana nao wengi asili yao ni Moroko, Algeria na Tunisia, na wale ni Maliki. Kwa Maliki mbwa aliye hai ni tohara. Utamuona Mmoroko kaguswa na mbwa na anaingia kusali, usimkemee, naye ana imamu wake. Na wewe usibebe madhehebu ya watu kwa ajili ya wepesi tu, baki na yako na umheshimu mwenzako.

La tatu. Hadithi ya kupungua thawabu kila siku kwa mwenye kufuga mbwa imewatoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa mazao. Katika mbwa wanne wa mkweo, watatu wana kazi ya kondoo. Aliyebaki ni huyo wa kochi, na huyo si wako wewe, ni wa mama mkwe. Na Suratul Kahf tunaisoma kila Ijumaa, mbwa wa wale vijana katajwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Tena liko lile la mtu aliyeteremka kisimani akachota maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa. Fundisha nafsi yako kuwa tohara ni jambo moja na chuki ni jambo jengine.

Chukua sahani yako, kijiko chako na bakuli lako, useme ni desturi yako. Muombe mke aseme na mama yake, si wewe. Kwa adabu zetu mkwe anaambiwa kupitia mtoto wake.

Msasi Mtende

Salaam. Mie mtu wa Mtende, kusini huku, msasi toka kwa babu yangu. Nna mbwa saba. Nguruwe wakiingia kwenye konde la muhogo usiku mmoja wanamaliza kazi ya miezi, mkulima anakuja hapa asubuhi kanyong'onyea, sie tunatoka na mbwa. Kwa hivyo sie wa shamba mbwa tunamjua, na tunasali, na wake zetu wanasali. Mbwa hawaingii ndani, wana banda lao chini ya mwembe, nna nguo za kusasia zimetundikwa mti ule, narudi nakoga kule kule nyuma ndio naingia nyumbani.

Nataka niseme kuhusu hofu maana wote mmeruka hapo. Kijana, hofu haitoki kwa kusoma meseji. Na mbwa anaijua hofu, si uchawi, anaiona kwenye mabega na anaisikia kwenye pumzi, mtu mwenye hofu anasimama kama mtu anayetaka kupiga. Mbwa wangu mkubwa anaitwa Tabu. Mwaka uliopita nguruwe alimpasua ubavu, utumbo unachungulia, nimemshona mwenyewe kwa sindano na uzi wa kushonea viatu, nimemlaza mapajani na kichwa chake nimekishika hivi. Kila nikipitisha sindano alikuwa analia lakini mkono wangu hakuuma, alikuwa anaushika kwa meno, anaushika tu, kama mtu anayekushika asianguke. Nilihisi meno yale yote na hata alama hayakuacha. Mbwa aliyekuuma wewe utotoni hakuwa mbwa wote.

Mtende na Bwejuu si mbali. Jumapili njoo kwangu. Uliza kwa msasi, mtoto yeyote atakuleta. Tabu keshapona, ni mpole, tutakaa chini ya mwembe na wewe utakaa mbali unavyotaka. Hapana atakayekulazimisha kitu.

Daktari wa Mifugo, Chake

Nimefurahi kuona mada hii. Nianze na yako mpishi. Zile sindano ulizopigwa ukiwa na miaka 9 ndizo zilizokuweka hai kama yule mbwa alikuwa na kichaa, na asili yake ni huko huko unakokwenda, tarehe 6 Julai 1885 Louis Pasteur alisimamia kuchomwa chanjo yake mtoto wa Alsace anaitwa Joseph Meister, na yeye alikuwa na miaka 9 vile vile, kaumwa na mbwa kijijini. Akaishi.

Ufaransa leo kichaa cha mbwa cha wanyama wa nchi kavu hakipo, walitangazwa huru 2001, kwa hivyo hofu ya ugonjwa huo kwa mbwa wa mkweo iondoe. Kwetu bado tunapigana. Pemba kilikatika 2014 baada ya chanjo za mbwa kijiji kwa kijiji, 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa, na tukarudi tena kuchanja. Kwa hivyo yeyote anayesoma hapa, ukiumwa au hata ukikwaruzwa na mbwa, kidonda kioshe kwa maji yanayomiminika na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku ile ile. Usingoje kuona mbwa atafanya nini. Dalili zikishaanza kwa mtu hakuna daktari atakayekusaidia, nasema hivi kwa sababu nimeziona familia zilizongoja.

Na msasi wa Mtende, kushona kwa uzi wa viatu nimesoma nimeshika kichwa, lakini umemuokoa. Mbwa wako wote saba wamechanjwa?

Msasi Mtende

Sita. Huyo mdogo nimempata karibuni.

Daktari wa Mifugo, Chake

Mpeleke kwa daktari wa mifugo wa wilaya yako wiki hii, usingoje. Na siku nyengine mbwa akipasuka mpigie simu kwanza, uzi wa hospitali upo.

Fundi Mwera

Samahanini naingilia, mie dada yangu yuko Lyon anataka nimpelekee mbwa wetu, kazeeka na alimlea yeye. Inawezekana?

Daktari wa Mifugo, Chake

Inawezekana ila anza mapema. Kwanza kichipu, halafu chanjo ya kichaa, kwa mpangilio huo, chanjo ikitangulia kichipu haihesabiwi. Ikishapita siku 30 baada ya chanjo anatolewa damu, inapelekwa maabara inayokubaliwa na Ulaya, na kutoka siku ya kutolewa damu anangoja miezi mitatu ndio asafiri. Na cheti cha serikali juu yake. Mbwa mzee pia aangaliwe kama anaweza safari.

Pwani Mchangani

Nimesoma yote. Sikuwa najua hilo la Maliki, na la kikavu kwa kikavu nililisahau. Mpishi, mie bado naona mkipata pahala penu ni bora, lakini maneno yangu ya kumpa mke masharti nayarudisha. Mungu akufanyie wepesi.

Mpishi wa Bwejuu

Ndugu zangu nimerudi. Wiki mbili sikuandika, hoteli ilikuwa imejaa, lakini mambo yamekwenda.

Jumapili ile nilikwenda Mtende. Nilifika saa tatu asubuhi, nikakaa kwenye kigogo mbali kabisa, mzee akaniletea chai na mandazi akawa anazungumza habari za muhogo tu, hata hakuwataja mbwa. Tabu alikuwa amelala ubavu, kovu nimeliona, refu kama kiganja na nyama imeota bila manyoya. Ilifika kama saa tano mbwa akainuka akajinyoosha akaja upande wangu, na mwili wangu wote ulitaka kukimbia, kila kitu, mpaka vidole vya miguu. Nikakumbuka maneno ya dada wa Mkoani, nikageuza ubavu, mikono chini, nikasema asalam aleikum kwa sababu bonjour haikunijia. Akaninusa goti, akazunguka nyuma, nikasikia pumzi zake kwenye paja lile lile lenye kovu, halafu akajilaza kivulini kama hatua mbili kutoka nilipo. Basi. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri. Sikumgusa, na mzee hakuniambia nimguse. Nilikuwa nimeloa jasho na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Nikamwambia mke wangu azungumze na mama yake kama alivyosema mwalimu. Kumbe mama mkwe alikuwa na wasiwasi zaidi yangu, alidhani nitawachukia mbwa wake na nitamtaka mwanawe amtenge. Kasema chumba chetu kiko juu na yule mdogo hapandi ngazi, na baba mkwe kaweka kilango cha mbao chini ya ngazi kwa uhakika zaidi, picha nimeletewa, bado hakijapakwa rangi. Zulia la chumba wamelitoa lote wameliosha. Sahani kanunua mpya sita, akauliza rangi gani kwetu tunapenda.

Na dada yangu wa Mkoani, patou wanaitwa Ulysse na Tosca, wa kuchungia Vif, na wa kochi Réglisse. Nikampigia hesabu baba mkwe kwenye simu, 2023, 2022, 2024, 2020, zote sawasawa. Alinyamaza kidogo halafu akacheka sana, mke wangu anasema hajamsikia baba yake kucheka vile kwenye simu.

Mama bado. Halii tena lakini anasema haamini mpaka aone mwenyewe mtu anayesali anaishije na wanyama hao.

Binti Mkoani

Mashaallah mdogo wangu, nimesoma machozi yananitoka kwenye gari nje ya nyumba ya babu. Réglisse 2020, wewe ushakuwa mwenyeji. Chukua koti zito, mwezi wa tatu milima ile bado ina theluji.

Msasi Mtende

Mlete mama Jumapili. Mke wangu atampikia, na atamuonesha tunapokogea, lilipo banda, na chumba chake anachosalia. Waambie wapitie njia ya Makunduchi, hii nyengine imeharibika na mvua.